Joka, wino na sponji: njia ya mkato nayo ni sanaa?

Wadau, leo tuipumzishe siasa kidogo. Wiki hii nzima nimekuwa nikisoma historia ya visanamu vya mazimwi, vile ambavyo watu wazima na akili zao huko Uingereza na Marekani wanakesha wakivipaka rangi kwa wino na kipande cha sponji. Vingi havizidi kidole gumba. Nilidhani nitacheka tu. Kumbe ndani yake kuna ubishi ambao sisi tunaoandika, tunaopiga picha na tunaorekodi muziki tunaujua vizuri: kazi iliyorahisishwa bado ni sanaa?

Tuanzie mbali. Michezo ya vita mezani haikuanza na watoto. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wa Prussia meza ya kuchezea vita. Mwaka 1824 mwanawe akauboresha mchezo huo, na jeshi likautumia kufundishia maofisa. Rangi ya vipande ilikuwa na kazi moja tu: kutofautisha upande huu na ule. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kutengeneza askari wa risasi (madini, siyo ya bunduki) wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi wa riwaya H. G. Wells akatoa kitabu, Little Wars, chenye kanuni za kupigana vita sakafuni kwa askari wa namna hiyo. Rangi bado ilikuwa ni sare: koti jekundu, suruali nyeusi, basi.

Mambo yakageuka mwaka 1971. Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, pamoja na mwenzake Jeff Perren, walitoa Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati. Nyuma ya kitabu wakaweka nyongeza yenye majoka, majitu na wachawi. Sasa majoka yenyewe utayapata wapi? Gygax alichukua dinosaria wa plastiki akamgeuza joka. Akatumia pia vidude vya plastiki vya bei ya chini vilivyotengenezwa Hong Kong, vyenye maumbo ambayo hata jina havikuwa nalo. Humo ndimo alimotokea dubu mwenye kichwa cha bundi, na yule mdudu anayegeuza chuma kuwa kutu, ambao baadaye waliingia katika Dungeons & Dragons, mchezo alioutoa mwaka 1974 pamoja na Dave Arneson. Kwa maneno mengine, baadhi ya mazimwi maarufu ya karne ile yalizaliwa kwenye mfuko wa vichezeo vya watoto.

Lakini joka hana sare. Ana magamba, mikunjo na madoa, na ukimpaka kijani kitupu anafanana na sabuni. Halafu kuna shida ya mwanga: kitu kidogo kiasi hicho hakitoi kivuli cha kutosha kwa jicho kukiona. Mpakaji lazima akitengeneze kivuli mwenyewe.

Hapo ndipo wino unapoingia. Rangi ya kawaida hufunika; wino hupitisha mwanga. Ukiuzimua kwa maji kidogo na kuupitisha juu ya joka aliyekwisha kupakwa rangi nyepesi, wino unateremka wenyewe kwenye mifereji kati ya magamba na kutulia humo. Palipoinuka panabaki peupe, palipobonyea panakuwa na giza. Maji na umbo la sanamu vinafanya kazi ambayo brashi ingeifanya kwa saa nyingi.

Sponji ina siri yake. Unaichana kwa mkono, siyo kwa mkasi, ili kingo zisilingane. Unaichovya kwenye rangi, unaigonga kwenye karatasi mpaka ikaribie kukauka, kisha unagusa tu ngozi ya kiumbe. Unapata madoa yasiyo na mpangilio, kama ya chura au ya mwamba. Jaribu kuchora vurugu hiyo kwa brashi uone: mkono wa binadamu unapenda kupanga, na jicho la mtazamaji linagundua mara moja. Ukimaliza madoa, unapitisha wino juu yake na yote yanashikana kuwa ngozi moja. Na wapakaji wengi wala hawanunui sponji. Wanachana ile iliyokuja ndani ya pakiti kukinga kisanamu kisivunjike.

Mwaka 1979 Citadel Miniatures ilianzishwa Uingereza, mwaka 1983 ukaja mchezo wa Warhammer, na mwaka 1987 yakaanza mashindano ya upakaji yaitwayo Golden Demon. Tofauti na mchezo wa joka mmoja, Warhammer unataka jeshi zima mezani. Mtu mwenye ajira na watoto atapaka sanamu mia moja saa ngapi? Ndiyo maana njia za haraka zilishika. Wengine walifika hata kutumia vanishi ya mbao. Baadaye Citadel ikatoa rangi maalumu za kivuli, na mwaka 2019 ikatoa rangi za Contrast, zinazoweka rangi na kivuli kwa mpako mmoja. Ubishi ukawaka: wengine wakashangilia, wengine wakasema ufundi umekufa.

Mimi nasimama upande wa sponji. Anayesema njia ya mkato imeua ufundi anasahau kwamba hata joka la Gygax lilikuwa njia ya mkato. Kila hatua ya historia hii ni mtu asiye na kifaa kinachotakiwa akatumia kilichopo. Wino haukuamulii rangi gani iende juu ya ipi, wala sponji haijui ikome wapi; hayo yanabaki kwa jicho lako. Kilichoondoka ni ile adhabu ya saa nyingi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inachuja nani ashiriki na nani abaki mtazamaji.

Mnaonaje wadau? Ugumu wa kazi ndio thamani yake, au ni geti tu?