Michoro ya Kolo na Njia za Kuinakili

Kolo ni kijiji cha Warangi, kaskazini ya Kondoa, kilichovuma kwa ajili ya michoro ya kale iliyomo katika miamba ya karibu yake. Katika mwaka wa 1951 Bibi Mary Leakey aliinakili kwa kushikiza karatasi angavu mwambani na kuifuata mistari. Nakala hizo zilitolewa kitabuni mwaka wa 1983. Faida yake ni kubwa, lakini karatasi ni bapa na mwamba si bapa: mabonde na nyufa zake hazikunakiliwa.

Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa na kikosi chake bibi huyo mwaka wa 1978, zilipimwa kwa njia nyingine katika miaka ya 1990 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa njia hiyo, picha hupigwa kutoka pande mbalimbali. Siku hizi kompyuta hutafuta nukta zionekanazo katika picha zaidi ya moja, hukadiria kina chake, kisha huunda umbo ambalo mtu aweza kulizunguka asikanyage kitu.

Miamba ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2006. Kwa kuwa jua na mvua havikomi kuififiza rangi, umbo la namna hiyo ni hazina. Walakini wenyeji wangali wakitambika Mungomi wa Kolo, na tambiko halinakiliki. Chombo huhifadhi sura ya mwamba. Heshima yake imo mikononi mwao.