Mshono wa Mwera (Sehemu ya 2)

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Nimetoka Dzaleka na kibali cha siku tatu, kuifuata cherehani niliyoiacha Nathenje mwaka 2023, wakati wakimbizi tulioishi nje tulipoamriwa kurudi kambini. Nimeikuta kwa agogo, yaani bibi, imefunikwa chitenje. Kabla sijaifuta vumbi, kijana mmoja akasukuma lango, gunia refu mgongoni, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja: "Wewe ndiye fundi unayeweza kushona kitu kinachoruka?"

SASA ENDELEA

"Mimi nashona sare za shule," nikamjibu. "Na sanda, ikibidi."

Hakucheka. Alitua mzigo chini ya mwembe, akavuta zipu, akaanza kutoa kitambaa. Akatoa, akatoa. Rangi ya chungwa, kisha nyeusi, kisha chungwa tena, mpaka uwanja wa agogo ukajaa na kuku wakakimbilia jikoni. Nilidhani ni hema. Akachomeka pampu, akasukuma, na lile lundo likainua kifua, likatoa mbavu, likasimama. Tiara! Lakini tiara ambayo watu watatu wangelala ndani yake wakifuatana kichwa kwa miguu.

"Mita tisa za mraba," akasema. "Sisi Paje tunaiita kaiti."

Katikati palikuwa na mpasuko mrefu kuliko mkono wangu. Kaiti ilikuwa imeangukia mawe ya Senga Bay. Fundi wa maturubai mjini Lilongwe alipoiona tu alitikisa kichwa, akamwelekeza huku: yupo Mkongomani, mwanamke, alikuwa Nathenje.

"Kaka, umetoka Unguja kwa ajili ya nini hasa?"

"Upepo," akasema, kama mtu anayesema chumvi.

Akanihesabia safari yake. Boti hadi Dar es Salaam, treni ya TAZARA hadi Mbeya, mpaka wa Kasumulu, Karonga, kisha kusini kandokando ya ziwa, ubao na kaiti vikisafiri juu ya paa za magari pamoja na mbuzi. Kwao Paje upepo huja mara mbili kwa mwaka: kaskazi tangu Desemba hadi Machi, kusi tangu Juni hadi Septemba, na wageni huja nao kama ndege. Yeye alikuwa mwalimu wao. Miaka yote aliwasikia wakitaja Tarifa, Cape Town, Sal, na mwaka huu akaamua naye aende mahali. Nauli ilimfikisha Malawi.

"Nikasikia Ziwa Nyasa lina upepo wake, unaitwa Mwera. Nikacheka. Kwetu Mwera ni kijiji, daladala inakwenda."

"Ziwa Malawi," agogo akasahihisha kutoka kibarazani. Kiswahili hajui, ila neno hilo halimpiti. Mpaje akataka kubishana, nikamkonyeza. Watanzania na Wamalawi wameshindwa kulimaliza hilo kwa mikutano, wao wawili wasingelimaliza chini ya mwembe.

Nilikipapasa kitambaa. Chepesi, kina vijimraba vilivyofumwa kwa nyuzi nene ili mpasuko usikimbie. Cherehani yangu ni ya miguu, inakwenda mshono wa moja kwa moja tu, wakati kitambaa kinachovutwa huku na huku kinataka mshono wa nyoka. Na kila tundu la sindano ni tundu: ukishona mno unakuwa umechora mstari wa kupasukia. Nikamwambia nitaweka kwanza kiraka cha kunata pande zote mbili, kisha mistari minne, mishono mirefu, uzi wa polyester. Pamba hapana. Pamba hunywa maji, husuguliwa ikaisha, huoza.

"Utajuaje kama uzi ni polyester kweli? Madukani wanaandika lolote."

Nikachukua kiberiti, nikachoma ncha. Ikajikunja, ikayeyuka, ikaacha shanga ndogo nyeusi. "Pamba ingewaka kama karatasi ikaacha majivu." Hapo ndipo alipoacha kunitazama kwa mashaka.

Nilishona Alhamisi hiyo na Ijumaa. Naye akikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akipiga hadithi. Akaniambia juu ya ndugu wawili wa Bretagne, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioandikisha mwaka 1984 hataza ya bawa lenye mirija ya hewa, ili likianguka majini lielee na kuruka tena. Hakuna aliyelitaka. Hadi 1997 ndipo walipoanza kuliuza wao wenyewe. Miaka kumi na mitatu! Fundi yeyote anayekaa na nguo ya mteja asiyerudi anaielewa hesabu hiyo.

Akanitajia Mitu Monteiro wa kisiwa cha Sal, Cape Verde, aliyekulia ufukweni na kujifunza mwenyewe, akawa bingwa wa dunia wa mawimbi mwaka 2008. Hilo alilisema polepole. Nikaona ndilo analolala nalo. Akatoa simu, tukatazama mbio za Marseille za wiki iliyotangulia, Agosti 2024, mara ya kwanza kaiti kuingia Olimpiki. Mvulana wa Singapore, Max Maeder, miaka 17, kachukua shaba. Mimi nikamtajia shaba yetu: Cindy Ngamba, bondia, medali ya kwanza kabisa ya timu ya wakimbizi. Wachezaji 37 walikwenda Paris kwa jina hilo. Dzaleka tulikuwa tumejibana mbele ya simu moja kumtazama.

"Dzaleka pakoje?" akauliza.

Nikamwambia palikuwa jela kabla ya kuwa kambi. Mwaka 1994 pakafunguliwa kwa watu kama 10,000 hivi; sasa tuko zaidi ya 50,000, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, na Kiswahili ndicho kinachotupitisha wote sokoni. Pana tamasha, Tumaini, kila mwaka tangu 2014, na Wamalawi hupanda magari kuja kucheza kambini kwetu. Wao wanakuja. Sisi kutoka ni muhuri. Upepo je? Upepo upo, vumbi tupu. Lakini Dowa, wilaya ilipo Dzaleka, ndiyo iliyomzaa William Kamkwamba, yule aliyejenga kinu cha upepo kwa baiskeli na vyuma chakavu, kwa hiyo wilaya yetu usiidharau.

"Kiswahili chako kitamu," akasema. "Unasema 'miye'."

"Ndicho cha Uvira. Kimepita Bujumbura kikapata baridi."

Ijumaa magharibi, mstari mmoja ukiwa bado, agogo akaja na chitenje chake kilichofumuka pindo. Kesho ana mazishi ya jirani. Mtu aliyekutunzia cherehani mwaka mzima bila kuomba senti humwambii subiri. Nikabadili uzi, nikampindia. "Zikomo, mwana wanga," akanishukuru, akanishika kichwa. Giza likaingia, umeme hakuna, agogo akanishikia kibatari. Nikarudisha uzi wa kaiti, nikamalizia mstari wa mwisho karibu kwa kupapasa.

Mpaje akatoa kwacha. Nikazihesabu, nikarudisha nusu.

"Nusu ya pili nataka kuiona ikiruka."

Kibali changu kiliandikwa Lilongwe. Nathenje iko ndani ya Lilongwe, hapo sina neno. Senga Bay iko Salima, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mjini. Nilikaa kitandani na ile karatasi hadi jogoo la kwanza. Wenzetu wanavuka bahari kuufuata upepo na wanapigiwa muhuri wakitabasamu. Miye nimeshona bawa, nisilione hewani? Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia kifuani.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulipanda minibasi ya kwanza kwenda Lilongwe, kaiti mapajani mwetu, cherehani ikabaki kwa agogo niifuate jioni. Mjini tukabadili gari la Salima. Kulikuwa na kizuizi njiani. Askari alichungulia, akaona gunia.

"Nini hiyo?"

"Tiara," Mpaje akasema.

Askari akamtazama mtu mzima mwenye ndevu anayesafiri na tiara, akacheka hadi akasahau kuuliza vitambulisho. Nilianza kupumua tulipofika kwenye kona iliyofuata.

Halafu ziwa. Jamani. Nilikuwa sijaona maji makubwa tangu Tanganyika, nikiwa mtoto mgongoni mwa mama. Mwera ulikuwa umeshapanda. Mawimbi mafupi, yanayokimbizana, vichwa vyeupe hadi kisiwa cha Lizard. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani, na usipa umeanikwa kwenye vichanja ukinuka vizuri. Wavuvi walikaa chini ya mti wakitengeneza nyavu. Mwera ukivuma hawaendi. Wakamtazama Mpaje akivaa mkanda wake wa kiunoni kama watu wanaotazama jirani akiwasha moto ndani ya nyumba.

Akatandaza kamba nne, ndefu kama kiwanja cha netiboli, akazifunga. Akanifundisha. Mimi nishike ukingo wa mbele, nisimame kando, kamwe si chini ya upepo. Kaiti ikiwa juu ya utosi hutulia kama ng'ombe aliyeshiba. Ikishuka kati, tumbo lote likashika upepo, hapo inavuta, na asiyejua huburutwa hadi kwenye miti.

"Nitakwenda na kurudi mara tatu bila kuruka, niusikilize mshono wako. Ukiwa umetulia nitajipiga kichwani kwa kiganja, hivi. Ukiona hivyo, basi naruka."

"Juu kiasi gani?"

Akatazama mwembe mmoja wa ufukweni, akacheka. "Bismillah. Achia!"

Nikaachia. Ikaondoka mikononi mwangu kwa kishindo ambacho sijawahi kukisikia katika kitambaa, na mara yeye yuko juu ya maji, ameegemea nyuma kama mtu aliye kitini, ubao ukichana mawimbi. Wavuvi wakasimama. Mmoja akapiga mluzi. Niliufuata mshono wangu kwa macho. Kutoka pwani ulikuwa unyoya tu mweusi kwenye chungwa. Mara ya kwanza akaenda, akarudi. Haukutikisika. Nilijiona mkubwa, sitaficha.

Mara ya pili mzee mmoja mvuvi akanijia na wavu uliopasuka. Amesikia mimi ni fundi. "Mwana wanga, una uzi?" Nikaingiza mkono mfukoni mwa sketi, nikampa bobini, ile iliyokuwa ndani ya cherehani jana usiku, niliyoichomoa asubuhi ili isipotee. Akaivuta, akaijaribu kwa meno, akakunja uso.

"Hii ya nguo," akasema. "Haifai majini."

"Hapana, baba, hiyo ni polyester."

Akatoa kiberiti chake cha sigara, akaisogeza ncha kwenye moto, mgongo wake ukiukinga upepo. Sikuona ikijikunja. Sikuona shanga. Uzi uliwaka kama karatasi, mwekundu, ukapanda kidogo, ukazimika. Akaupuliza. Majivu yakaruka yakaniangukia mkononi.

Pindo la agogo. Nilirudisha uzi wa juu. Bobini sikuibadili.

Mstari wa mwisho wote, ule wa katikati, ule unaobeba mzigo, chini yake ulikuwa pamba.

Nikainua macho. Mpaje alikuwa mbali, karibu na kisiwa, anageuza mara ya tatu. Mwera ulikuwa umeongezeka. Mchanga ulinichoma miguuni. Nikakimbilia majini nikipunga mikono, nikiita kwa Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura, cha mahali popote. Ishara ya kumwambia "ruka" tulikubaliana. Ya kumkataza hatukuwa nayo.

Nyuma yangu gari likafunga breki mchangani na mlango ukafunguliwa. Sauti ya mwanamume ikasema, bila haraka: "Dada. Kibali chako, tafadhali."

Kule mbele, Mpaje akaachia mkono mmoja, akaunyanyua, akajipiga kichwani.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Wewe msomaji, kama ungekuwa mchangani pale, ungegeukia upande gani kwanza?