Uingizaji hewa katika studio ya muziki ya nyumbani

Uingizaji hewa katika studio ya muziki ni mpangilio wa njia, masanduku na feni unaoleta hewa safi katika chumba kilichozibwa ili sauti isipenye. Mpangilio mzuri hausikiki kwenye maikrofoni, wala hauachi muziki utoke nje kupitia njia ileile ya hewa. Makala hii inahusu hasa studio ndogo za nyumbani jijini Dar es Salaam, katika wilaya kama Kinondoni, Ubungo na Temeke, ambako nyumba zimekaribiana na hali ya hewa ni ya joto na unyevu karibu mwaka mzima.

## Usuli

Mwishoni mwa miaka ya 1990 muziki wa Bongo Flava ulirekodiwa katika studio chache za Dar es Salaam, zikiwemo MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani. Kompyuta ziliposhuka bei, watayarishaji wengi walianza kurekodi katika chumba kimoja cha nyumba ya familia au ya kupanga. Singeli, muziki wa kasi uliochipuka katika mitaa kama Manzese na Tandale, umetengenezwa kwa kiasi kikubwa katika studio za namna hiyo. Mojawapo inayojulikana nje ya nchi ni studio ya Sisso ya Mburahati, ambayo kazi zake zilitolewa mwaka 2017 katika albamu Sounds of Sisso na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda.

Nyumba nyingi za jiji hili hujengwa ili zipitishe upepo: huwa na madirisha makubwa yenye nondo na wavu wa mbu, matofali ya matundu, na nafasi kati ya ukuta na paa la bati. Panapopita hewa, sauti nayo hupita. Anayetengeneza studio huziba nafasi hizo zote, na hapo tatizo la hewa huanza.

## Hewa katika chumba kilichozibwa

Mtu mzima asiyefanya kazi nzito hutoa takriban lita 18 za dioksidi ya kaboni kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina lita 24,300 za hewa. Watu watatu wakijifungia humo bila hewa kuingia, gesi hiyo huongezeka kwa zaidi ya sehemu 2,000 kwa milioni kila saa, ilhali hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni.

Kiwango hicho hakiui, lakini huambatana na uzito wa kichwa, usingizi na kupungua kwa umakini, mambo yanayoharibu kazi ya kusikiliza. Pia ni dalili kwamba watu wanavuta tena hewa iliyokwisha kutoka katika mapafu ya wenzao. Magonjwa yanayoenea kwa hewa, kama kifua kikuu, huambukiza kwa urahisi zaidi katika vyumba vya aina hii.

## Kiyoyozi na hewa safi

Watu wengi hudhani kwamba kiyoyozi huleta hewa safi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huvuta hewa ya chumbani, huipoza na kuirudisha humohumo. Mabomba yake yanayotoka nje hupitisha gesi ya kupoza na maji ya unyevu tu. Chumba kinaweza kuwa na baridi ya kutosha huku hewa yake ikiwa imechakaa.

Vifaa hivi viwili hufanya kazi pamoja. Hewa ya nje ya Dar es Salaam ina joto linalofika takriban sentigredi 32 kati ya Desemba na Machi, tena ina unyevu mwingi. Kuipoza hewa inayotosha watu watatu huhitaji takriban kilowati 1 ya uwezo wa kupoza, zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa kiyoyozi cha BTU 9,000. Kwa hiyo kuingiza hewa kupita kiasi humaliza umeme wa LUKU bila faida.

## Kanuni ya tundu

Ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote mbili unaweza kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 40. Lakini tundu wazi lenye asilimia 1 tu ya eneo la ukuta hushusha kinga hiyo hadi takriban desibeli 20, hata ukuta uwe mnene kiasi gani. Ndiyo maana kutoboa ukuta na kuweka feni moja kwa moja hubatilisha kazi yote ya kuziba. Hewa inapaswa kupita katika njia ndefu yenye kona, ambamo sauti hugonga kuta na kumezwa kabla ya kufika upande wa pili.

## Ujenzi

Kipimo kinachotumika sana ni lita 10 za hewa kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watu watatu ni lita 30, na dioksidi ya kaboni hubaki chini kidogo ya sehemu 1,000 kwa milioni. Njia yenye upana wa sentimita 20 kwa 20 hupitisha kiasi hicho kwa mwendo wa mita 0.75 kwa sekunde, ambao ni wa polepole na hausikiki. Mwendo ukiongezeka maradufu, kelele ya hewa huongezeka kwa takriban desibeli 15 au zaidi.

Sehemu kuu za ujenzi ni hizi:

* Masanduku mawili, moja la kuingiza hewa na jingine la kuitoa. Bila njia ya kutokea, hewa mpya haiingii.
* Kuta za sanduku hutengenezwa kwa plaiwudi au MDF nzito, mara nyingi tabaka mbili. Ndani huwekwa vizuizi vinavyoilazimisha hewa kupinda mara kadhaa.
* Kuta za ndani hufunikwa kwa sufi ya kioo au ya mwamba yenye unene wa sentimita 2.5 hadi 5, iliyofungwa kwa kitambaa ili nyuzi zisipeperuke.
* Feni hukaa upande wa nje wa sanduku, ili kelele yake nayo imezwe kabla ya kufika chumbani. Huunganishwa kwa bomba laini na kukalishwa juu ya mpira. Feni kubwa inayozunguka polepole ni tulivu kuliko ndogo inayokimbia.
* Tundu la nje huwekwa wavu wa mbu na kichujio cha vumbi vinavyoweza kusafishwa.

Hewa haifai kuvutwa kutoka darini chini ya bati, ambako kuna joto kali na vumbi. Tundu la kuingizia hewa huwekwa penye kivuli na mbali na tundu la kutolea.

Besi ndiyo ngumu zaidi kuzuia. Wimbi la sauti la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.4, hivyo sufi nyembamba huimeza kidogo tu. Sanduku zito na njia ndefu zaidi husaidia.

## Kelele na sheria

Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinaweka ukomo wa desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nyumba za makazi. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ni miongoni mwa wasimamizi wake. Studio inayofungua mlango usiku ili watu wapumue huvuka ukomo huo kwa urahisi.

## Usalama

Jenereta na jiko la mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Tundu la kuingizia hewa likiwa karibu navyo, feni huisukuma gesi hiyo ndani ya chumba.

Sponji za magodoro na trei za mayai zinazobandikwa ukutani hupunguza mwangwi kidogo, lakini hazizuii sauti kutoka, tena hushika moto upesi. Sponji iliyobandikwa ili kudhibiti sauti ndiyo iliyoeneza moto katika ukumbi wa The Station nchini Marekani mwaka 2003, ambako watu 100 walikufa, na katika ukumbi wa Kiss nchini Brazil mwaka 2013, ambako walikufa 242. Studio iliyozibwa inahitaji mlango unaofunguka kwa urahisi kutoka ndani, na njia ya kutokea isiyozuiwa na vyombo.

## Tazama pia

* Bongo Flava
* Singeli
* Sauti
* Kiyoyozi