Miaka Kumi na Minne ya Kumngoja Duke

Mwaka 1996, aliyekaa mbele ya kompyuta kucheza Duke Nukem 3D aligundua jambo ambalo halikuhusu vita hata kidogo. Akibonyeza swichi ukutani, taa ilizimika kweli. Chooni maji yalivutika. Kioo kikipigwa risasi kilivunjika. Michezo mingi ya kufyatua risasi ya siku zile ilimtembeza mchezaji kwenye mapango na ngome za mashetani; huu ulianzia juu ya paa la jengo jijini Los Angeles, ukamshusha barabarani, kisha ukamwingiza katika ukumbi wa sinema. Wageni kutoka anga za mbali walikuwa wamevamia jiji, na aliyewakabili alikuwa Duke, jitu la miraba minne lenye miwani ya jua na majigambo yasiyokwisha. Kila silaha aliyoiokota aliibeba.

Waliouunda walikuwa 3D Realms, kampuni ndogo ya mji wa Garland, Texas. Injini yake, yaani programu inayochora kuta na mwanga na kuongoza mwendo wa kila kitu, iliandikwa na Ken Silverman, kijana aliyekuwa na miaka 20 mchezo ulipotoka. Mchezo uliuzwa sana, na fedha hizo zina nafasi kubwa katika yaliyofuata.

Aprili 1997 kampuni ilitangaza mwendelezo wake, Duke Nukem Forever, ikitarajia kuutoa mwaka uliofuata. Ilinunua leseni ya injini ya Quake II, na Mei 1998 ikaonyesha kionjo kwenye maonyesho ya michezo ya kompyuta ya E3 mjini Atlanta. Watu walishangilia. Mwezi mmoja tu baadaye, ikatangaza kwamba inahamia injini nyingine, Unreal. Fundi wa majahazi angeielewa hasara ya uamuzi huo: ni kung'oa mkuku wakati mbao za ubavuni zimeshapigiliwa. Kazi nyingi ilibidi ianze upya.

Ni rahisi kusema walikuwa wavivu. Sikubaliani. Aliyeongoza kazi, George Broussard, aliupenda mchezo wake kupita kiasi, na hakuwa na mtu wa kumwambia basi. Kwa kawaida kampuni inayosambaza mchezo ndiyo inayolipa mishahara ya waundaji, kwa hiyo siku ikifika hudai mzigo wake. 3D Realms ilijilipia yenyewe, kwa faida ya Duke Nukem 3D na baadaye ya mchezo mwingine, Max Payne. Jibu la Broussard kwa kila aliyeuliza tarehe likawa moja: utatoka utakapokuwa tayari. Wakati huohuo fani haikusimama kumsubiri. Novemba 1998 ilitoka Half-Life, ikaonyesha namna mpya ya kusimulia kisa ndani ya mchezo wa risasi. Mwaka 2001 ikaja Halo. Kila jipya lilipotokea kwa wenzake, Broussard alitaka na Duke awe nalo, na kila nyongeza ilifanya yaliyokamilika jana yaonekane yamechakaa.

Kilele cha matumaini kilikuwa E3 ya 2001. Kionjo kipya kilionyesha Las Vegas, jangwa la Nevada, magari yakikimbizana. Walioishuhudia video ile waliamini mchezo uko mlangoni. Ukafuata ukimya wa miaka. Tovuti ya Wired News, iliyokuwa na orodha ya kila mwaka ya bidhaa hewa, iliupa nafasi ya kwanza mara mbili mfululizo, na mwaka 2003 ikautungia tuzo ya maisha.

Mei 2009 fedha zilikwisha na waundaji wakaachishwa kazi. Msambazaji, Take-Two, akaishtaki 3D Realms mahakamani. Hapa pana sehemu ya kisa hiki inayonigusa kuliko zote: baadhi ya wale walioachishwa waliendelea kuujenga mchezo wakiwa majumbani kwao, kisha wakaunda kampuni yao, Triptych. Mwaka 2010 Gearbox, ya Texas vilevile, iliuchukua na kuahidi kuumaliza.

Ulitoka Juni 2011. Mtoto aliyezaliwa wiki ya tangazo la kwanza alikuwa na miaka 14.

Ulianza chooni. Mabomba yalitoa maji, swichi ziliwasha taa, kila kitu kiliguswa kama zamani. Lakini mwaka 1996 bomba lilikuwa kionjo tu cha jiji ambalo mchezaji aliruhusiwa kuzurura, kupotea na kufukua siri zake. Sasa aliongozwa kwenye njia moja nyembamba, akisubiri muda mrefu kila sehemu mpya ilipopakiwa. Majeraha yalijiponya yenyewe, kama ngao ya mwili ilivyojijaza kwenye Halo. Na Duke, aliyekuwa akibeba ghala zima, sasa alibeba silaha mbili tu, tena kama kwenye Halo. Hilo ndilo lililowauma wengi, hata Agosti ikabidi matoleo ya kompyuta yarekebishwe ili abebe nne. Mzaha nao ulikuwa umeoza: sehemu inayoonyesha wanawake waliotekwa ililaaniwa na wahakiki wengi, na kwa haki.

Mei 2022 toleo ambalo halikukamilika la mwaka 2001 lilivuja kwenye intaneti, na Broussard mwenyewe akathibitisha kwamba ni la kweli. Watu waliokuwa vijana wakati wa kionjo kile walilifungua. Walikuta vyumba vilivyokamilika vikipakana na vitupu, na milango isiyofika popote. Wengine wakaanza kulijenga upya, chumba kwa chumba, na kufikia Desemba walikuwa wamekwisha kutoa sehemu ya kwanza ya kuchezwa.