Nani Alilipia Facing Mount Kenya?

Wengi tuliosoma Facing Mount Kenya tunaikumbuka picha yake: Jomo Kenyatta amejitanda ngozi, anajaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Picha ile haionyeshi chumba alichokuwa akilala, wala kodi aliyokuwa akidaiwa. Kabla ya kuwa rais, kabla hata ya kuwa mwandishi, alikuwa mwanafunzi wa Kiafrika mjini London ambaye mfuko wake ulikuwa mtupu. Basi tuulize swali ambalo wahakiki hawapendi kuliuliza: kitabu hiki kililipiwa na nani?

Wa kwanza walikuwa wakulima. Mwaka 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma Uingereza kupeleka malalamiko ya ardhi, kwa michango ya wanachama wake. Mwaka 1931 akatumwa tena, na safari hii akakaa miaka 15. Hebu tupige hesabu kidogo. Shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa sawa na pauni 1. Kodi ya kichwa ilikuwa shilingi 12 kwa mwaka, na kuitafuta hiyo tu kuliwatoa wanaume vijijini kwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya walowezi. Yaani kila pauni aliyoitumia London ilizidi kodi ya mwaka mzima ya mtu aliyemchangia. Pesa ya namna hiyo haiwezi kutosha kumweka mtu mjini London.

Wa pili alikuwa mama mwenye nyumba. Kati ya 1933 na 1937 Kenyatta aliishi namba 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, na deni la kodi ya chumba likawa linapanda. Mama yule alivumilia. Aliyewahi kusoma ughaibuni anajua kwamba mwenye nyumba anayekubali kusubiri ni mfadhili, hata kama jina lake halimo kwenye ukurasa wa shukrani.

Tatu, alijilipia mwenyewe kwa lugha ya mama yake. Alifundisha Kikuyu, na wataalamu wa fonetiki wa University College London wakamtumia kuchunguza sauti za lugha hiyo. Baadaye, kwa ruzuku ya taasisi moja ya utafiti wa Afrika, akasoma anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski pale London School of Economics. Kutokana na masomo hayo kikazaliwa kitabu chenyewe, mwaka 1938.

Halafu kuna pesa ya sinema. Mwaka 1934 Kenyatta alikuwa mmoja wa Waafrika waliojaza nafasi ndogondogo katika filamu ya Sanders of the River, aliyoigiza Paul Robeson. Filamu ilipotoka, kumbe ilikuwa inausifu utawala wa Mwingereza, na Robeson mwenyewe baadaye akaikana. Mtu aliyevuka bahari kudai ardhi ya watu wake akawa amelipwa kupamba hadithi ya wale walioichukua. Ni rahisi kumcheka. Lakini aliyefika tarehe 30 mfukoni hana kitu, na mlango unagongwa, atanyamaza kidogo kabla ya kuhukumu.

Je, kitabu kililipa madeni hayo? Wapi! Toleo la kwanza liliuza nakala 517 tu.

Anabaki mlipaji mmoja ambaye hatumtaji sana. Kenyatta alipoondoka mwaka 1931, mkewe Grace Wahu alibaki Kenya na watoto wawili, Muigai na Wambui. Wambui alikuwa amezaliwa mwaka 1928 tu. Alipomwona baba yake akirudi mwaka 1946, alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Deni hilo haliandikwi kwenye daftari la mwenye nyumba, wala hakuna benki inayopokea malipo yake.

Rudi sasa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu, zile tunazoziruka. Kimetabarukiwa Muigai na Wambui, pamoja na vijana wote wa Afrika walionyang'anywa kilicho chao. Zamani niliisoma tabaruku ile kama maneno ya siasa. Siku hizi naisoma kama barua ya baba ambaye hakuwa na cha kutuma nyumbani isipokuwa kitabu.