Kola ya Baharia, Shingo ya Mtoto

Septemba 1846, Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa safarini na familia yake ndani ya meli ya kifalme, Victoria and Albert, kuelekea Visiwa vya Channel. Mwanawe mkubwa wa kiume, Albert Edward, alikuwa hajatimiza miaka mitano. Siku moja mtoto huyo alitolewa sitahani akiwa kavaa nguo zilizoshonwa na fundi wa melini: blauzi nyeupe yenye kola pana ya mraba, kitambaa cheusi shingoni, na suruali nyeupe iliyopanuka miguuni, mtindo ambao wazee wetu wa miaka ya 1970 waliuita bugaluu. Kwa ufupi, alikuwa baharia mdogo. Maofisa na mabaharia walifurahi mno, na malkia akaliandika tukio hilo katika shajara yake. Mwaka huohuo mchoraji Franz Xaver Winterhalter akamchora mwanamfalme huyo na nguo zake.

Sifahamu nguo nyingine ya mtoto mmoja iliyozaa watoto wengi kiasi hicho. Kabla ya hapo, mvulana wa familia yenye uwezo huko Ulaya alivalishwa gauni kama dada yake mpaka alipofika miaka minne, sita, hata saba. Baada ya gauni alihamia kwenye nguo zilizofuata za baba yake, zenye kubana na vifungo vingi. Vazi la baharia lilikuwa tofauti. Lilikuwa pana, lilifulika, na mtoto aliweza kukimbia na kupanda miti bila kulichana.

Lakini starehe peke yake haielezi kwa nini picha ile ilipendwa. Watawala wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuwavalisha watoto wao kama maofisa wadogo, wenye nishani na mapanga. Victoria hakumvalisha mwanawe nguo za admirali. Alimvalisha za mtu wa chini kabisa melini, yule avutaye kamba na kusugua sitaha, ambaye mwaka ule bado aliweza kuchapwa viboko kwa mujibu wa sheria za jeshi la majini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii iliyoazimwa kwa mabaharia ilisitiri vizuri sana. Ilisitiri umbali kati ya ikulu na watu wa kawaida, katika muongo ambao wafalme wengi wa Ulaya waliona viti vyao vikitikisika.

Cha kushangaza ni kwamba mabaharia wenyewe hawakuwa bado na sare rasmi. Waliipata mwaka 1857, miaka kumi na mmoja baada ya mtoto yule kuvaa yake. Ndipo mistari mitatu myeupe ya kola ikathibitishwa. Hadi leo utasikia kwamba mistari hiyo ni kumbukumbu ya ushindi mara tatu wa Admirali Nelson. Si kweli, kilichotakiwa kilikuwa kola zifanane tu. Lakini naelewa kwa nini hadithi hiyo haifi. Watu wanapenda nguo iwe na vita ndani yake, mradi vita hivyo viwe vya zamani na vya ushindi.

Kuanzia miaka ya 1870 vazi hilo lilienea Uingereza, Ufaransa, Marekani na Urusi. Wasichana nao walishonewa lao, lenye sketi. Alexei, mrithi wa mwisho wa kiti cha Urusi, alipigwa picha nyingi akiwa nalo. Ujerumani lilipewa jina la Kiel, bandari ya manowari, na huko lilikuwa zaidi ya fasheni. Kaisari Wilhelm II alitaka jeshi la majini la kushindana na Uingereza, na sheria za mwaka 1898 na 1900 zikamruhusu kujenga manowari nyingi. Wazazi wa tabaka la kati waliowavalisha wanao kola ya bluu walikuwa, wapende wasipende, wanaipigia debe sera ya serikali kwa shingo za watoto.

Hapa ndipo hesabu ndogo inaponisumbua. Mvulana aliyepigwa picha studio mwaka 1900 akiwa na miaka sita, alikuwa na ishirini mwaka 1914.

Wako pia waliovaa kola ileile wakiwa bado watoto, lakini si kwa mchezo. Jack Cornwell, mtoto wa familia ya kawaida kutoka Leyton, London, alijiunga na jeshi la majini mwaka 1915 akiwa na miaka 15. Tarehe 31 Mei 1916, katika vita vya Jutland, alikuwa kwenye mzinga mmoja wa manowari ya Chester. Wenzake walianguka kumzunguka, naye akabaki amesimama mahali pake, kajeruhiwa, akingoja amri. Alifariki siku mbili baadaye, na akapewa Msalaba wa Victoria akiwa tayari kaburini. Alikuwa na miaka 16.

Kwa watu wa pwani yetu, kola hiyo haikuwa na utoto wowote. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Siku hiyo, huko Uingereza, vazi la baharia lilikuwa nguo ya kawaida ya mvulana aliyepelekwa ufukweni kucheza na mchanga.

Baada ya vita, vazi lilianza kupoteza manowari zake. Mabaharia wa Kiel wenyewe waliasi Novemba 1918, na siku chache baadaye Kaisari akaondoka madarakani. Kwaya ya Wavulana ya Vienna, iliyoundwa upya mwaka 1924, ilivaa ubaharia katika nchi iliyokuwa imepoteza bahari. Japani, katika miaka ya 1920, ukawa sare ya wasichana wa shule. Mwaka 1934 bata Donald akauvaa bila suruali.

Ningependa kuamini kwamba huo ndio mwisho mwema, nguo kuoshwa ikatoka damu. Lakini nguo ya yule mwanamfalme bado imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari, Greenwich, nao mzinga wa Jack Cornwell uko katika makumbusho ya vita, London hiyohiyo. Mtu anaweza kuvifikia vyote viwili kwa siku moja. Nguo ni ya mtoto wa miaka minne. Mzinga haukutengenezwa kwa kipimo cha mtoto.