Juu ya nini Kiingereza kinatushinda mdomoni? Historia kidogo ya Lubumbashi

Mwaka wangu wa kwanza pa iniverisite nilisimama mbele ya wenzangu niseme kwa Kiingereza kwamba nina njaa. Wao wakasikia nimekasirika. "Hungry" ilitoka mdomoni "angry". Walicheka mpaka machozi. Mmoja akaniambia: "Weye, lulimi yako ni muzito, acha tu!" Nikaacha kweli, mwaka mzima.

Kumbe ulimi haukuwa na kosa. Kuna historia ndani yake.

Union Minière ilianza 1906 kwa pesa za Wabelgiji pamoja na Tanganyika Concessions ya Robert Williams, Mskoti. Mwaka 1910 treni ikafika Elisabethville ikitokea Rhodesia, yaani kutoka upande wa Waingereza. Wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Hapa katikati ya mji, kwenye komini yetu ya Lubumbashi, Kiingereza kilisikika kila siku. Kazini, mabwana waliamuru kwa Fanagalo, ile lugha ya migodi ya Afrika Kusini.

Wabelgiji wakaogopa: Katanga isije ikaponyoka ikaenda kwa Waingereza. Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alionyesha namna Kiswahili kilivyosukumwa kuwa lugha ya kazi, kusudi kamba na Rhodesia ikatike. Wafanyakazi wapya wakatafutwa Kasai, Rwanda na Burundi. Masomoni kikaja Kifaransa. Kiingereza kikarudi ng'ambo ya Kasumbalesa. Kwetu yakabaki maneno kama "boyi". Na lisikilize vizuri: kwa Mwingereza ni silabi moja, siye tunasema mbili, bo-yi. Mdomo wetu ulilitengeneza upya.

Hapo ndipo fonetiki inatusaidia. Mwaka 1886, pale Paris, walimu wa lugha waliunda chama kilichotupatia alama za kimataifa: sauti moja, alama moja. Mwaka 1917 Daniel Jones wa London akatoa kamusi ya matamshi. Kiingereza kina herufi 26, lakini sauti zinazohesabiwa kwa kawaida ni 44: konsonanti 24 na vokali 20. Kiswahili kina vokali 5 tu. Basi "ship" na "sheep" kwetu zinaanguka kwenye i moja.

Na ile h? Kifaransa hakiitamki. Kiswahili chetu cha hapa pia mara nyingi kinaiacha: tunasema "apana", "akuna". Lugha zetu mbili zote hazikunizoesha ile pumzi. "Think" nayo inatoka "sink", juu Kifaransa hakina sauti hiyo, na Kiswahili cha Lubumbashi pia hakiitumii.

Leo nafanya hivi: naweka kiganja mbele ya mdomo. Nikisema "hungry", pumzi lazima iguse kiganja. Kwa "angry" haigusi, na mdomo unafunguka zaidi. Dakika kumi kila asubuhi, kwa sauti, bila haya.

Migodi inaita watu wa Kiingereza kazini, na mpakani wakalimani wanahitajika. Tusikose nafasi juu ya kicheko cha mwenzetu. Ukimsikia mdogo wako anakosea, usimwambie ulimi wake ni mzito. Mwonyeshe kiganja.